Kiatu kinachokubali soli ya tiba: mwongozo kwa mwenye baridi yabisi ya miguu

Natengeneza soli za tiba hapa Dar es Salaam, zile soli za ndani zinazochongwa kwa kipimo cha mguu wa mtu mmoja. Jambo moja limekuwa likiniuma kwa miaka: mtu analipia soli, anazisubiri, anaondoka na furaha, kisha baada ya wiki mbili anarudi nazo kwenye mkoba akisema zinambana. Nikitazama miguuni namkuta na viatu vya simple, vyembamba, au raba zilezile alizokuja nazo siku ya kupimwa. Soli haina kosa. Haikupewa nyumba.

Wengi wakishaona kiatu kinabana hupanda namba. Anavaa 39, ananunua 41. Namba moja ya Ulaya ni karibu milimita 7 za urefu, kwa hiyo namba mbili zinampa zaidi ya sentimita moja mbele ya vidole, mahali ambapo hakuna shida. Soli ya tiba inakula kimo: inainua mguu kuelekea juu, kwenye ngozi ya kiatu. Kiatu kirefu kupita kiasi kinaufanya mguu uteleze, vidole vinajikunja kushikilia, na vidole hivyo ndivyo vilivyokwisha kuumizwa na ugonjwa. Kwa hiyo mwongozo huu wote ni wa kutafuta kimo na upana. Urefu utakuja wenyewe.

Baridi yabisi ninayoizungumzia ni ile ya rumatoidi, ambapo kinga ya mwili inashambulia utando wa ndani wa viungo vyake yenyewe. Haisababishwi na baridi, na si jongo. Mara nyingi hupiga pande zote mbili, hupenda viungo vidogo, na asubuhi mtu anaamka amekakamaa kwa saa nzima au zaidi. Kwenye mguu huvimbisha viungo vilivyo kwenye mashina ya vidole. Miaka ikienda, kidole gumba kinalalia wenzake, vidole vingine vinajikunja kama kucha za kuku, na ule mto wa mafuta ulio chini ya unyayo unasogea mbele. Hapo mtu anakanyagia mifupa. Wagonjwa wangu husema, "Natembea juu ya kokoto." Tao la unyayo nalo linaweza kulala na kisigino kikaegemea nje.

Hatua ya 1: Ijue soli yako kabla ya kukijua kiatu

Muulize aliyekutengenezea: soli hii ni nzima au ya robo tatu? Ya robo tatu inaishia nyuma ya mashina ya vidole, haichukui nafasi ya vidole. Nzima inafika mpaka mbele, na kwa mwenye maumivu ya mbele ya unyayo mara nyingi ndiyo inayofaa, kwa sababu inaweka sponji laini mahali mto wa mafuta ulipohama. Pima unene wake kwa rula sehemu tatu: kisigino, tao, vidole. Ziandike. Kama soli ina kile kinundu kidogo cha kuinulia mashina ya vidole, kinatakiwa kukaa nyuma kidogo ya sehemu inayouma. Kikiwa chini ya maumivu yenyewe, kimewekwa vibaya, irudishe.

Kama bado huna soli, karakana za vifaa hivi zipo kwenye Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili na hospitali ya CCBRT, Msasani. Usinunue kiatu kipya kwanza. Soli ndiyo inayoongoza.

Hatua ya 2: Pima mguu nyumbani, alasiri

Alasiri, kwa sababu mguu unavimba kadiri siku inavyokwenda, na joto letu linaongeza. Ukipima saa mbili asubuhi utanunua kiatu cha asubuhi. Wakati viungo vimechachamaa, subiri. Mguu wa siku hizo si kipimo chako cha kawaida. Lakini kama uvimbe hauondoki mwezi baada ya mwezi, huo ndio mguu wako wa sasa. Pima hivyohivyo, kisha utafute kiatu chenye mikanda inayoachia na kukaza.

Chukua boksi gumu, likate vipande viwili bapa. Simama juu yake, uzito wote umeshuka, na mtu mwingine akuchoree. Usijiinamie mwenyewe, kwanza ni mateso, pili ukiinama mguu unabadilika umbo. Mchoraji ashike penseli wima, asiilaze kuelekea chini ya mguu. Chora yote miwili, kwani karibu kila mtu ana mmoja mkubwa. Kisha ongeza sentimita moja mbele ya kidole kirefu zaidi na ukate boksi kwa mstari huo. Hilo boksi ndilo utakalolipeleka sokoni.

Bado kimo. Simamisha rula sakafuni kando ya kidole kilichoinuka kuliko vyote na usome urefu mpaka juu ya kifundo chake. Jumlisha unene wa soli sehemu ya vidole. Mfano: kidole milimita 28, soli milimita 4, jumla 32. Kiatu chako kinahitaji angalau hizo 32 ndani, na pumzi kidogo juu yake. Namba hii ina thamani kuliko 39 au 41. Iandike kwenye boksi.

Hatua ya 3: Nenda ukatafute

Usiende Kariakoo Jumamosi, wala wiki ya kuelekea Idi au Krismasi. Mtu mwenye miguu hii hawezi kusukumwa Mtaa wa Kongo huku akitafuta pa kukanyaga. Nenda katikati ya wiki, alasiri, na shuka karibu na duka. Kama daladala inakuacha mbali, kipande cha mwisho chukua bajaji. Vaa soksi utakazovaa na kiatu hicho. Beba soli zako zote mbili, boksi, rula.

Ukifika, kabla ya kitu chochote, omba kiti. Sema tu, "Kaka, naomba stuli, miguu yangu inaumwa." Sijaona muuzaji aliyekataa. Atakayekwambia "Mama, chukua hii, itaachia ukiivaa" mshukuru na uweke kiatu chini. Kiatu cha mguu huu kinatakiwa kukaa vizuri siku ya kwanza. Kinachoachia polepole kinaachia kwa gharama ya ngozi yako, na aliyetumia predinisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe, muda mrefu ana ngozi nyembamba inayochubuka haraka.

Sasa kague, kwa mpangilio huu.

Tumbukiza mkono, ujaribu kutoa soli ya ndani ya kiatu. Ikitoka, endelea. Ikiwa imegandishwa na haibanduki, rudisha kiatu. Hii pekee itakuondolea nusu ya viatu vya dukani na kukuokolea muda. Soli ya tiba hukaa *badala* ya ile ya kiatu. Kuziweka zote mbili ndiko kunakoinua kisigino mpaka kinachomoka kila hatua.

Ingiza boksi lako. Likikunja kingo au kupanda pembeni, kiatu ni chembamba. Hapo hata usivae.

Bana kuta za nyuma, pale kisigino kinapokaa, kwa kidole gumba na cha shahada. Zikibonyea kama karatasi, hazitashika kisigino kinachoegemea. Kikunje kiatu: kinatakiwa kukunjika kwenye mashina ya vidole. Kikikunjika katikati, au ukiweza kukikamua kama nguo iliyofuliwa, hakina mgongo. Kwa wale ambao kila kukunja kwa vidole ni maumivu, tafuta kiatu ambacho soli yake ya chini ni ngumu na imepinda kwenda juu mbele, kama mguu wa kiti cha kubembea. Mwili unabiringika juu yake na vidole vinapumzika.

Pitisha kidole ndani juu ya vidole. Mshono wowote hapo ni kidonda kinachosubiri. Kisigino kisizidi kama sentimita 3. Mchuchumio unahamishia uzito mahali palepale tunapokwepesha.

Mwisho ndipo uweke soli ya tiba ndani na uvae vyote viwili. Simama. Tembea dakika kumi, usione haya.

Kuhusu mitumba, mimi huwapeleka watu soko la Karume bila wasiwasi, wakijua cha kutazama. Raba za kutembelea na kukimbilia zinazotoka Marekani na Ulaya mara nyingi zina soli inayotoka na nafasi ya kutosha, na baadhi zina jambo ambalo madukani kwetu ni adimu: upana ulioandikwa. Angalia lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu. New Balance, Brooks na ASICS huandika herufi. Kwa kiatu cha kiume D ni upana wa kawaida, 2E ni pana, 4E ni pana sana. Kwa kiatu cha kike B ndiyo kawaida, D ni pana, 2E pana sana. Mama akikosa ya kike aangalie ya kiume. Ni pana zaidi na hakuna anayesoma lebo barabarani.

Lakini hatari za mtumba ni mbili. Kwanza, kiatu kimeshakariri mguu wa mwenyewe. Kiweke juu ya meza, kitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, kiache, hata kama ni kizuri kiasi gani. Pili, sponji ya soli ya chini ya kiatu. Nyingine hutengenezwa kwa poliurethani, aina ya plastiki ambayo unyevu huila polepole hata kiatu kikiwa kimehifadhiwa tu. Kwa nje kinang'aa, ukikivaa siku tatu soli inamumunyuka kama keki. Bonyeza kwa ukucha pembeni. Ikiacha alama isiyorudi, ikipasuka nyufa au ikitoa unga, umeponea hapo.

Hatua ya 4: Jaribio la unga

Hili nimelitoa kwenye karakana. Tunapojaribisha mguu wa bandia huwa tunaweka donge laini ndani ili lituoneshe pa kugusia, maana mgonjwa hawezi kutueleza yote. Ukifika nyumbani kanda unga wa ngano kidogo, laini kama wa chapati. Tengeneza vidonge kama mbegu za mbaazi, uvifunge kwa nailoni nyembamba, uviweke juu ya vifundo vya vidole vilivyoinuka na ubavuni mwa kidole gumba. Vaa soksi juu yake, vaa kiatu chenye soli ya tiba, simama dakika moja, vua taratibu. Kidonge kikibaki na unene, pana nafasi. Kikiwa kimekuwa karatasi, hapo patachubuka. Patana na muuzaji mapema kwamba utaweza kubadilisha ndani ya siku mbili, na fanya jaribio hili ndani ya nyumba, kabla soli haijaona vumbi.

Pakibana padogo, fundi viatu anaweza kupatanua kwa kalibu ya mti, hasa kama kiatu ni cha ngozi. Mwekee alama kwa chaki mahali hasa. Viatu vya plastiki na ngozi bandia havitanuki vizuri. Fundi akikwambia hivyo mwamini.

Hatua ya 5: Mikono nayo

Ugonjwa huu haukai miguuni tu. Kiatu kinachomtaka mtu wa vidole vilivyovimba afunge kamba mara tano kwa siku kitaachwa chini ya kitanda. Chagua mikanda ya kunata, au weka kamba za lastiki ufunge mara moja tu. Wanaoswali wanavua na kuvaa kila mara, hili kwao ni la lazima. Pembe ndefu ya kuvalia kiatu inakuondolea kuinama.

Hatua ya 6: Izoee polepole

Siku ya kwanza saa moja. Kila siku ongeza saa, mpaka wiki mbili. Ukivua, tazama unyayo na juu ya vidole, au umpe mtu akutazamie kama huwezi kujikunja. Wekundu unaoondoka ndani ya nusu saa ni wa kawaida. Unaobaki, malengelenge, au jeraha: acha kuvaa na urudi ulikotengenezewa. Mwenye kisukari juu ya ugonjwa huu asiamini hisia za mguu wake, aamini macho.

Kisha kuna nyumbani, na hapa nasisitiza kuliko kote. Watu wananiambia wanavaa soli zao "kila siku", kumbe ni za kwenda mjini. Saa nyingine zote wako kwenye marumaru na kandambili, ambazo ili zisivuke zinalazimisha vidole kung'ang'ania. Tenga jozi ya ndani: sendo yenye mikanda mitatu inayorekebishika, kisigino kimefungwa, soli inayotoka. Kama uwezo unaruhusu jozi moja tu, iwe ya nyumbani kwanza.

Soli za tiba zitoe kwenye kiatu kila jioni zipumue, maana jasho la Dar ni jingi. Zifute kwa kitambaa chenye sabuni, zianikwe kivulini. Jua la mchana, au dashibodi ya gari, vinaweza kuzipinda zikapoteza umbo. Wakati wa masika weka soksi kavu kwenye mkoba, na soli zikilowa usizirudishe mguuni mpaka zikauke kabisa.

Na siku ya kuja kupimwa tena, niletee viatu vyako vya zamani. Usivioshe wala usimpe fundi abadilishe soli ya chini. Pale palipolika chini ndipo ninaposoma unavyokanyaga.