Mzinga hauna malkia? Kagua hivi kabla vibarua hawajaanza kutaga

Jamani mnaofuga nyuki huku Malindi, kuanzia Gede mpaka kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mizinga inakufa bure na inauma, mtu anaona nyuki wanaingia wanatoka anajua uko poa kumbe malkia keshakufa kitambo.

Malkia ana feromoni yake, harufu inayotoka kwenye tezi za taya, vibarua (nyuki jike wanaofanya kazi zote za mzinga) wanaomzunguka wanamlamba wanamgusa halafu wanaisambaza kwa wenzao mzinga mzima. Hiyo inafanya kazi mpaka ndani ya ubongo wa kibarua, inashusha dopamini (kemikali ya ubongo), ovari zake zinabaki zimelala. Majana, yaani watoto wa nyuki walio kwenye sega, nayo yana feromoni inayosaidia hapohapo. Malkia akifa na majana yakaisha, baadhi ya vibarua ovari zinaamka wanaanza kutaga, na kwa vile hawajapandwa mayai yao yanatoa madume tu, basi mzinga ndio unaisha hivyo.

Fungua jioni jua likipoa, moshi wa makumbi kidogo tu, jua liwe mgongoni likuangazie ndani ya vyumba vya sega. Kama ni mzinga wa mbao za juu sega usililaze, kwa joto letu hili linakatika. Usihangaike kumsaka malkia, tafuta mayai. Yai moja moja katikati ya kitako cha chumba maana yake siku 3 zilizopita malkia alikuwepo, funga uende zako.

Hakuna yai? Chukua sega kwenye mzinga mwingine wenye nguvu, liwe na mayai na majana madogo kabisa, kung'uta nyuki wake, weka. Mimi napenda liwe na majana yaliyofunikwa pia, sababu nyuki wakongwe homoni ya juvenaili (ile inayowasukuma kwenda nje) imeshapanda kwao, akili yao yote iko kwenye maua na vitelojenini, protini ya kutengenezea chakula cha majana, imeshuka, kulea hawawezi vizuri, hao wachanga watakaotoka ndio walezi wenyewe. Baada ya siku chache chungulia, ukikuta vyumba virefu vinaning'inia wanalea malkia, atatoka siku ya 16 tangu yai litagwe na atahitaji kama wiki mbili hivi apevuke, apandwe, aanze kutaga, usimsumbue kabisa. Wasipojenga, pengine kuna malkia mwanamwali humo humo, subiri.

Ukikuta mayai mengi chumba kimoja tena yamebandikwa ukutani, na vifuniko vimevimba kama risasi kwenye vyumba vya vibarua, hao ni vibarua wanataga (malkia mchanga naye huweza kuweka mawili mwanzoni ila huyafikisha kitakoni). Hapo sega moja halitoshi, rudia kila wiki kwa wiki tatu, feromoni ya majana izilaze tena ovari zao mpaka wakubali kujenga chumba cha malkia. Wakigoma, wakung'ute wote karibu na mzinga wenye nguvu na uondoe boksi lao.