Jinsi ya Kuchambua Ishara na Vidokezo katika Sehemu Moja ya Tamthilia ya Mizimu

Ugumu wa tamthilia ya mizimu ni kwamba kitu kimoja kinaweza kufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Bundi anayetua juu ya paa katika tamthilia ya kawaida ni ishara tu, kwa kuwa mtazamaji anajua kwamba ndege huyo hawezi kumdhuru mtu na kwamba mtunzi amemweka pale ili kuleta wasiwasi. Katika tamthilia ya mizimu, bundi huyo huyo anaweza kuwa mchawi aliyejigeuza, anaweza kuwa ishara ya kifo, na anaweza pia kuwa kidokezo cha jambo litakalotokea nusu saa baadaye. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kitu kinamaanisha nini, uliza kinatenda nini katika ulimwengu wa tamthilia hiyo. Wachambuzi wengi chipukizi huruka swali hili, na ndiyo maana kazi zao huishia kuwa orodha ya maana zisizoshikamana.

Itazame sehemu nzima mara ya kwanza bila kuandika chochote, ukiiacha taharuki ikushike kama inavyomshika mtazamaji yeyote. Mara ya pili, anzia mwisho: andika kwa sentensi moja tukio kubwa linalofunga sehemu hiyo, kisha rudi mwanzoni ukitafuta kila kitu kilicholitangulia. Hapa Uganda kuna jambo la kuzingatia zaidi, kwa sababu wengi wetu hutazama tamthilia za kigeni kupitia sauti ya VJ anayesimulia kwa Kiganda juu ya sauti asilia. Hiyo ni sanaa kamili inayostahili uchambuzi wake yenyewe. Hata hivyo, VJ hufafanua, huongeza maneno yake, na wakati mwingine hutangaza mapema kinachokuja, huku sauti yake ikifunika mlio wa mlango, muziki uliobadilika au ukimya uliowekwa kwa makusudi. Ukitaka kuchambua kazi ya mtunzi, tafuta nakala yenye sauti asilia, na usinukuu maneno ya VJ kana kwamba yamesemwa na mhusika.

Katika dakika za mwanzo, tafuta makatazo. Katazo ndilo kidokezo chenye nguvu kuliko vyote katika hadithi za mizimu, na watu wa Buganda wamelitumia tangu zamani katika simulizi la Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi aliyetoka mbinguni. Walipokuwa wakishuka duniani, Ggulu, baba yake Nambi, aliwaonya waondoke mapema na wasirudi nyuma hata wakisahau kitu, maana Walumbe, ndugu yake Nambi ambaye ndiye kifo, angewafuata. Njiani wakakumbuka kwamba wameacha ulezi wa kuku. Mmoja wao akarudi kuuchukua (masimulizi mengine humtaja Kintu, mengine Nambi), na kifo kikashuka pamoja nao duniani. Msikilizaji anapolisikia onyo lile, anajua tayari kwamba litavunjwa, na kinachobaki kumshika roho ni kutaka kujua litavunjwa na nani, na kwa ajili ya nini. Jibu ni chakula cha kuku. Uzito wote wa simulizi umo katika kitu hicho kidogo cha nyumbani, kwa sababu kinaonyesha kwamba kifo kiliingia kupitia bidii ya kutunza nyumba, wala si kupitia uovu. Kwa hiyo, ukikutana na katazo katika tamthilia, andika dakika lilipotolewa, aliyelitoa, na kitu kitakachomshawishi mtu kulivunja.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Msichana anatoka Kampala kwenda kumuuguza bibi yake kijijini karibu na Masaka. Katika dakika ya nne kamera inapita juu ya kitambaa cha gome la mutuba, yaani lubugo, kilichokunjwa kwenye sanduku lililo wazi, huku bibi akizungumzia mvua. Katika dakika ya ishirini msichana anakichukua na kumfunika bibi anayetetemeka, na kamera inakaa kwenye mikono yake. Bibi anafariki. Usiku wa tatu msichana anaamka na kukuta kitambaa kile kile kimewekwa mabegani mwake.

Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba kitambaa ni ishara ya kifo, naye atakuwa amepata nusu tu. Ni kweli kwamba katika Buganda lubugo hutumika kumsitiri marehemu. Lakini mrithi naye huvishwa kitambaa hicho hicho katika sherehe ya kuhitimisha matanga. Kitambaa kimoja kinabeba maana mbili, na tamthilia yenyewe ndiyo inayoamua ni ipi inayotangulia. Katika mfano wetu, picha ya karibu ya mikono ya msichana, pamoja na kitambaa kuhamia mabegani mwake bila kumdhuru, vinaelekeza kwenye urithi: kifo cha bibi kilikuwa hatua ya kwanza tu, na mzimu umekuja kukabidhi. Angalia rangi pia, kwa kuwa lubugo la kawaida huwa la hudhurungi, ilhali la wafalme na machifu hutiwa rangi nyeupe au nyeusi. Kama lililo mabegani mwa msichana lingekuwa jeupe, uchambuzi wote ungebadilika.

Kidokezo kinaweza kusubiri jibu kwa muda mrefu. Katika tamthilia ya Marekani iitwayo Buffy the Vampire Slayer, mhusika Faith anataja tarakimu 7-3-0 ndani ya ndoto mwishoni mwa msimu wa tatu, mwaka 1999. Mwaka 2000, katika sehemu nyingine iliyojaa ndoto, saa inaonekana ikionyesha 7:30. Buffy anakufa mwishoni mwa msimu wa tano, mwaka 2001, na siku 730 ni miaka miwili. Tarakimu zile zikiwa peke yake zisingethibitisha lolote. Zinapata nguvu kwa kurudi katika umbo jingine na kwa kujibiwa na tukio. Kama unachambua sehemu moja ambayo mwendelezo wake hujauona, andika kwamba jambo fulani linaelekea kudokeza, usiandike kwamba linadokeza.

Jihadhari vilevile na kubebesha tamthilia ya ugenini maana za kwenu, au kupitwa na maana zake yenyewe. Katika tamthilia ya Korea Kusini, namba nne mlangoni inaweza kuwa onyo, kwa kuwa huko inahusishwa na kifo, lakini mtazamaji wa Mbale ataipita bila kuiona.

Unapoandika aya yako, taja kitu na dakika kilipotokea, eleza kamera na sauti zilivyokishughulikia, sema kinatenda nini katika hadithi, kisha maana yake katika jamii inayoonyeshwa, na mwisho tukio linalokijibu. Usipolipata tukio hilo, kiite kitu hicho ishara, na neno kidokezo uliache.