Namna ya Kupima Ufuo Ulioinuka, kwa Kuanzia Malindi

Ukishuka kwenye rasi yenye Nguzo ya Vasco da Gama siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, utaona ukuta wa mwamba wa kijivu wenye ncha kali. Ukiusogelea, utakuta ni matumbawe yaliyogeuka jiwe, na mengine yangali na vijitundu vyake kama sega la nyuki. Tumbawe halikui nchi kavu, kwa hiyo hapana shaka kwamba mahali hapo palikuwa chini ya maji. Kilichobaki ni kujua kilichosogea, nchi au bahari, na hilo halijulikani kwa kutazama tu.

Anza na viumbe walio hai. Chaza hung'ang'ania mwamba katika ukanda ambao mpaka wake wa juu huonekana wazi, kwa sababu hawawezi kuishi mahali ambapo maji hayafiki vya kutosha. Tia alama ya chokaa kwenye mpaka huo, kisha tafuta juu yake chaza wafu ambao bado wameshikamana na jiwe. Makombe yaliyolala huru yasikuhadae, maana huenda yaliletwa na mawimbi au yalitupwa na watu waliokula nyama yake. Tazama pia mahali ambapo bahari imeula mwamba kwa chini ukabaki umetokeza kama upenu wa nyumba. Upenu wa namna hiyo ukiwa juu kuliko mawimbi ya leo yanavyofika, ni alama ya pwani ya zamani.

Kwa kupima, mpira wa maji wa mafundi wa ujenzi, ule mwangavu unaoonyesha usawa wa maji katika ncha zake mbili, unatosha. Ujaze maji bila kubakiza mapovu, weka ncha moja kwenye mpaka wa chaza hai na nyingine mkabala na chaza wafu, kisha soma tofauti ya kimo. Usipime kutoka usoni pa bahari: siku ya bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kuchelewa nusu saa tu kunaharibu hesabu yote.

Kipimo kimoja, hata kikiwa sahihi, hakithibitishi kitu. Bahari ikishuka, katika pwani fupi hushuka karibu sawasawa kila mahali. Nchi ikisukumwa na mabamba ya gandunia, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia vinavyosogea polepole, huinuka kwa kupinda, huku zaidi, kule kidogo, na kwingine ikazama. Kwa hiyo rudia kipimo kila baada ya kilomita chache. Katika tetemeko la Alaska la tarehe 27 Machi 1964, sehemu za kisiwa cha Montague ziliinuka takriban mita 10, ilhali maeneo mengine yalididimia karibu mita 2. Sababu ni kwamba bamba la bahari, linapojipenyeza chini ya bamba la bara, hunasa na kuuburura ukingo wake chini kwa karne nyingi, mpaka ukingo huo unapofyatuka. Kabla nadharia ya mabamba haijajulikana, FitzRoy, nahodha Mwingereza wa meli ya Beagle, alikwisha kuona alama hiyo nchini Chile baada ya tetemeko la mwaka 1835: katika kisiwa cha Santa María alikuta kome wafu wangali kwenye miamba, futi 8 hadi 10 juu ya mahali pao.

Malindi haina mpindo wa namna hiyo. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari duniani ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9, na kimo hicho kinatosha kueleza matumbawe ya rasini bila kuyahusisha mabamba. Mpaka wa mabamba ulio karibu nasi umo Bonde la Ufa, mamia ya kilomita bara. Linganisha na rasi ya Huon, Papua New Guinea, ambako matumbawe ya umri huohuo yamepandishwa zaidi ya mita 100.

Mtego wa mwisho uko mjini penyewe, ambako wenyeji huonyesha mahali bahari ilipokuwa ikifika zamani. Hiyo ni kazi ya mto Sabaki, unaomwaga mchanga na tope ghubani na kuusukuma ufuo mbele. Chimba shimo la kina cha mkono: ukikuta mchanga na tope la mto, na kwenye miamba ya jirani chaza hai wapo mahali pao pa kawaida, basi nchi imepanuka, haijainuka.