Somo: Lupini kama chakula cha nyongeza kwa samaki wa nyumbani

Wenye bwawa au tangi nyuma ya nyumba, leo ni zamu ya lupini. Ni mmea wa jamii ya kunde. Mbegu yake ina protini ya asilimia 30 hadi 40 hivi kutegemea aina, na wanga kidogo sana. Ila tuelewane mapema: hii ni nyongeza tu, chakula chao kikuu kinabaki palepale.

Hatua ya 1: Onja

Kuna lupini tamu na lupini chungu. Tamu si kwamba ina sukari, ni kwamba haina uchungu. Uchungu huo ni alkaloidi, sumu kwa samaki, kwa mifugo na kwa mtu. Muuzaji akikuapia kwamba zake ni tamu, msikilize, kisha vunja mbegu moja, tafuna kipande kidogo uteme. Ikiwa chungu utajua tu, ladha yake haibanduki ulimini. Mwenye mzio wa karanga asionje kabisa, maana lupini inaweza kumdhuru vilevile.

Hatua ya 2: Toa uchungu (wenye mbegu tamu waruke hatua hii)

Loweka usiku kucha kwenye maji mengi, zitavimba. Chemsha kama saa moja, umwage maji. Halafu ziloweke kwenye maji baridi, ukiyabadilisha asubuhi, mchana na jioni, kwa siku nne hadi sita. Wengi huchoka siku ya tatu: "Si nimeshachemsha?" Moto hauimalizi alkaloidi. Inayeyuka na kutoka na maji, kwa hiyo usipobadilisha maji umepoteza kuni zako bure. Onja kila siku, na usionje moja tu, chukua tatu au nne za sehemu tofauti za ndoo.

Maji unayomwaga yana sumu uliyoitoa. Yapeleke mbali na bwawa na mbali na wanyama wanapokunywa. Mimi ndoo ya kwanza niliimwaga kwenye kijifereji nilichodhani kinakwenda shambani. Kilikuwa kinazunguka na kurudi bwawani. Asubuhi niliokota perege saba wanaelea.

Hatua ya 3: Menya, kausha, saga

Ganda ni nene, lina nyuzinyuzi ambazo samaki hafaidiki nazo sana. Mbegu iliyolowekwa ukiibana kwa vidole viwili kiini kinachomoka chenyewe. Zilizo kavu zipasue kinuni, kisha upepete. Anika viini hadi vikivunjwa vilie "kap", saga laini, chekecha. Usiache chenga kubwa. Utamwona samaki anadaka chenga, anatema, wa pili anaidaka, anatema, mwisho inazama na kuozea chini.

Hatua ya 4: Pima na changanya

Tuseme una samaki 50 wa gramu 200 kila mmoja. Hao ni kilo 10. Kwa asilimia 2 ya uzito wao, chakula cha siku nzima ni gramu 200. Wiki ya kwanza weka lupini gramu 20 ndani ya hizo 200, siyo juu yake. Wakizoea, panda taratibu hadi gramu 50. Mimi huishia hapo. Funga unga kwa uji mzito, finyanga vidonge vidogo, anika.

Hatua ya 5: Lisha kwa sinia

Vidonge hivi huzama. Funga sinia kwa kamba, weka chakula, shusha, na baada ya nusu saa vuta uone. Kilichobaki ndicho cha kupunguza kesho. Samaki wakiwa juu wanahema kutafuta hewa, siku hiyo usilishe chochote.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nikiwapa lupini peke yake nisipunguze gharama?
Utapunguza gharama na samaki pia. Lupini ina upungufu wa methionini na lisini, vijenzi viwili vya protini ambavyo samaki anavihitaji ili akue, watadumaa.

Soya tunaikaanga. Hii nayo?
Soya hukaangwa kwa sababu ina vizuizi vya kumeng'enya protini. Kwenye lupini vizuizi hivyo ni vichache mno, hivyo tamu husagwa bila kukaangwa. Chungu ukiikaanga inabaki chungu.

Nina lupini za maua bustanini, zimezaa maganda mengi. Nichume?
Hapana, ndugu yangu. Zile zilichaguliwa kwa rangi, na mbegu zake zina sumu.

Vifaranga vya samaki je?
Bado. Wanahitaji protini nyingi iliyo rahisi kumeng'enywa, waendelee na chakula chao hadi wakue.

Gunia langu lilinyeshewa, mbegu zingine zina ukungu. Nikiosha vizuri?
Kuosha hakuondoi sumu ya ukungu. Zenye ukungu fukia, na zilizogusana nazo usizihurumie.