Lenzi moja ya zumu kwa kamera ya fremu kamili: namna ya kuichagua

Wengi wakitafuta lenzi moja ya kufanyia kila kazi kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa, mm 36 kwa 24) huangalia kwanza namba ya mwisho ya zumu: 200, 240, 400. Mimi nakushauri uanze na namba ndogo, ile ya apacha, tundu linalopitisha mwanga. Ndiyo itakayokubana jua likizama.

Hatua ya 1: Kagua picha zako. Programu kama Lightroom Classic huzichuja kwa urefu wa fokasi, yaani zile mm za lenzi: ndogo huona pana, kubwa huvuta vya mbali. Ukikuta nyingi zimepigwa chini ya mm 35, tafuta lenzi inayoanzia mm 24, si 28. Tofauti hiyo si ndogo: pembe ya picha hushuka kutoka nyuzi 84 hadi 75, na ukiwa chumbani mgongo umegusa ukuta huna pa kurudi. Umbali uliopungua unaweza kuufidia kidogo kwa kukata picha baadaye. Upana haufidiwi hivyo.

Hatua ya 2: Maunti, yaani sehemu ya kamera inayofungiwa lenzi. Nikon Z ina 24-200 na 28-400, Canon RF ina 24-240, Panasonic ina 28-200 ya maunti ya L. Kwa Sony E kuna 24-240 ya Sony wenyewe na 28-200 ya Tamron. Hakikisha lenzi ni ya fremu kamili. Ile ya sensa ndogo ya APS-C itatumia sehemu ya katikati tu ya sensa, upoteze zaidi ya nusu ya pikseli.

Hatua ya 3: Apacha, na hapa usiharakishe. Huandikwa kwa f/, na namba ikiwa kubwa tundu ni dogo. Tamron 28-200 huanza na f/2.8 na kuishia f/5.6. Nikon 28-400 huanza na f/4, na ukiivuta hadi mwisho inakuwa f/8. Kutoka f/5.6 hadi f/8 mwanga unapungua nusu: palipotosha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ya 3200 sasa utahitaji 6400, au upunguze spidi ya shata. Kwa ndege mchana kweupe, f/8 inatosha. Kwa sherehe ya ukumbini mimi nisingeichukua.

Boksi halikuambii apacha inabanwa wapi katikati ya safari. Ifunge lenzi kwenye kamera, fungua apacha yote, zungusha zumu polepole huku ukitazama namba zinavyobadilika.

Hatua ya 4: Kitulizaji cha mtikisiko. Tamron 28-200 haina chake, hivyo inategemea kilichomo kwenye kamera. Kumbuka kitulizaji hutuliza mkono wako, si mtoto anayekimbia; huyo anataka spidi ya shata.

Hatua ya 5: Uzito. Panasonic 28-200 ni gramu 413, Canon 24-240 ni gramu 750. Ukiivaa shingoni kutwa, utaiona tofauti.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kulipa. Kamera ikiwa kwenye tripodi, piga ukuta wa matofali ukiutazama moja kwa moja: mwanzo, katikati na mwisho wa zumu, kwanza apacha ikiwa wazi, kisha f/8. Kuza pembe zote nne. Zikififia kidogo kwa usawa, hiyo ni kawaida ya lenzi za aina hii. Upande mmoja ukiwa mkali na wa pili umefifia, rudia kipimo. Matokeo yakibaki yaleyale, vioo vya ndani huenda havikukaa sawa, omba nyingine. Mwisho, inamishe lenzi itazame chini uone kama zumu inateleza yenyewe.