Kabla ya kununua trekta kuukuu, liguse likiwa baridi

Ndugu mnaotafuta trekta la kulimia mpunga, iwe Cheju, Unguja, au mabonde ya Pemba, mwambieni muuzaji asiliwashe kabla hamjafika. Shika injini kwa mkono. Ikiwa na joto, rudi siku nyingine, maana injini iliyochoka huwaka vizuri ikishapashwa. Ikiwaka baridi, tazama moshi: wa buluu usiokatika maana yake inakula oili. Fungua na kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama tui, maji yamepenya ndani.

Kisha nyanyua plau, zima injini, subiri. Plau ikishuka haraka, haidroliki (mfumo wa oili unaoinyanyua) inavuja.

Kwetu adui mkubwa ni chumvi na tope la bondeni. Chungulia chini ya madigadi, kagua sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) za ekseli ya nyuma na breki. Rangi mpya isikubabaishe; mimi humwamini zaidi anayeuza na kutu yake wazi.

Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa 1964, bado ina thamani kwa injini yake ya Perkins ya silinda 3, ambayo mafundi wengi wanaielewa. Bei ya tairi za nyuma ulizia kwanza dukani, uikate kwenye bei anayotaka.