Jinsi ya kukagua maji yanayovuja chini ya tuta la bwawa la umeme

Kila bwawa la tuta, yaani lililozuiwa kwa ukuta wa udongo, huvuja. Akikuambia mtu kwamba lake halivuji, hajashuka chini akaliangalia. La kujua ni maji yanatokea wapi, kiasi gani, na yana rangi gani.

Kabla ya kushuka, andika kina cha bwawa na mvua ya jana. Mto wa mlimani hupanda upesi, na bwawa likipanda mvujo nao hupanda.

Tembea mguuni pa tuta, ng'ambo hadi ng'ambo, polepole. Mimi hukawia pale udongo unapokutana na mwamba wa mlima. Nyasi mbichi wakati wa kiangazi, shimo la mnyama, buti likizama pasipotarajiwa: piga picha, chomeka kigingi cha alama.

Maji ya mvujo hupimwa kwenye bamba lililokinga mfereji wake, lenye mkato wa V ambamo maji hupita. Usiweke rula mkatoni penyewe, maana hapo maji yameshainama. Rudi nyuma kidogo, upande maji yanakotoka. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta sentimita 10 badala ya 8, nikaandika "yameongezeka kidogo". Mkuu wangu akanikalisha na kalamu. Kwenye mkato ule kina kikiwa maradufu, maji huwa zaidi ya mara tano; zile sentimita 2 zangu zilikuwa ongezeko la karibu robo tatu! Tangu hapo naandika namba, neno "kidogo" nimeliacha.

Kisha chota maji kwenye chupa ya kioo, shika kitambaa cheupe nyuma yake, halafu uiache itulie. Maji maangavu, hata mengi, mara nyingi hukupa muda wa kuuliza. Yenye tope yanabeba tuta lenyewe. Huko Teton, Marekani, tarehe 5 Juni 1976, bwawa likijazwa kwa mara ya kwanza, maji ya tope yalionekana asubuhi. Saa sita mchana haikufika tuta likawa limebomoka. Walikufa watu 11.

Ukikuta maji yanabubujika na kurusha mchanga, usiyazibe, yatatokea kwingine kwa nguvu zaidi. Hufunikwa kwa mchanga safi, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yapite udongo ubaki. Ila kabla ya kugusa koleo, mpigie mkuu wa zamu aanze kuteremsha bwawa, nawe usikae chini ya tuta ukimsubiri.